Ndege kushuka vibaya: Hasara yake haiishii uwanjani

Abiria wengi wa ndege huingiwa na hofu ndege inapokuwa juu ya mawingu, na hupumua wanapoanza kuona mabati ya mji wanaokwenda. Takwimu za usafiri wa anga duniani zinaonyesha mambo yako kinyume. Safari ikiwa juu huwa tulivu, na sehemu kubwa ya ajali hutokea dakika za mwisho, ndege inapokaribia uwanja na kutua.

Kwa mkulima wa maharage machanga wa Arusha, mfanyabiashara wa minofu ya sangara wa Mwanza au mfugaji anayesubiri vifaranga vya siku moja kutoka mji mwingine, jambo hili linaweza kuonekana kuwa ni la marubani na wahandisi peke yao. Lakini matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha kuwa ndege ikishuka vibaya katika uwanja mmoja, bili yake inaweza kulipwa kwa miaka kadhaa na watu ambao hata hawakuwamo ndani. Masoko hufungwa, bima hupanda na mizigo hulazimika kuzunguka nchi za wengine.

Kitonga ya angani

Kushusha ndege ni hesabu ya urefu, umbali na mwendo. Kanuni wanayofundishwa marubani ni kwamba kwa kila futi 1,000 za kushuka, ndege inahitaji maili tatu za baharini, yaani kilomita tano na nusu hivi. Ndege iliyo katika urefu wa futi 33,000 inapaswa basi kuanza kushuka ikiwa imebakiza zaidi ya kilomita 180 kufika uwanjani. Umbali huo haupungui sana na ule wa barabara ya kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam.

Ugumu unatokana na ukweli kwamba ndege kubwa haiwezi kwa urahisi kushuka kwa kasi na kupunguza mwendo kwa wakati mmoja. Ikiinamishwa ishuke haraka, inaongeza mwendo. Ikiinuliwa ipunguze mwendo, haishuki. Dereva wa lori lililosheheni mahindi anayeteremka Mlima Kitonga analijua jambo hili vizuri. Gia inachaguliwa juu kabla ya mteremko kuanza. Aliyechelewa kuichagua na kufika katikati ya kona akiwa na mwendo mkubwa hana la maana analoweza kufanya, kwani breki zitapata moto na mzigo utaendelea kusukuma.

Kwa sababu hiyo mashirika ya ndege yameweka kile kinachoweza kuitwa lango la ukaguzi. Ndege inapofika kama futi 1,000 juu ya uwanja, ni lazima iwe katika mstari wa njia ya kutua, mwendo uwe ule unaotakiwa, magurudumu yawe yameteremshwa na mabawa yametayarishwa. Kama hata kimoja kimekosekana, rubani anatakiwa aache kutua, apandishe ndege, azunguke na kuanza upya. Mzunguko huo huchukua kama dakika 10 hadi 15 na hugharimu mafuta ya ziada. Mbali na hapo hauna hasara.

Pamoja na urahisi huo, kanuni hii inavunjwa kuliko inavyofuatwa. Taasisi ya Flight Safety Foundation, inayoshughulikia usalama wa anga kimataifa, ilibaini katika utafiti wake kuwa kati ya safari ambazo ndege ilifika langoni ikiwa haijakaa sawa, ni takriban asilimia 3 tu ambazo marubani waliacha kutua na kuzunguka. Waliobaki waliendelea. Wengi wao walitua salama, na hapo ndipo penye mtego, kwani kila aliyefanikiwa leo anapata moyo wa kurudia kesho.

Yaliyotokea Karachi

Mei 22, 2020, siku mbili kabla ya Sikukuu ya Idd, ndege ya Shirika la Ndege la Pakistan (PIA) aina ya Airbus A320 iliondoka Lahore kwenda Karachi ikiwa na watu 99. Ndege za ndani ya nchi hiyo zilikuwa zimeruhusiwa kurudi kazini siku chache tu zilizopita, baada ya kusimamishwa kutokana na ugonjwa wa korona.

Kwa mujibu wa maelezo ambayo aliyekuwa Waziri wa Usafiri wa Anga wa Pakistan, Ghulam Sarwar Khan, aliyatoa bungeni Juni 2020, ndege hiyo ilipokuwa maili 10 za baharini kutoka uwanjani ilipaswa kuwa katika urefu wa futi 2,500. Ilikuwa katika futi 7,220. Waongoza ndege waliwatahadharisha marubani kuwa wako juu mno na kuwataka wasiendelee. Jibu walilopewa ni kwamba hali ingedhibitiwa. Waziri alisema marubani walikuwa wamejiamini kupita kiasi, na mazungumzo yao katika sehemu kubwa ya safari yalihusu korona na familia zao.

Kilichofuata ni mfano wa mambo yanavyoharibika kwa mfululizo. Marubani walikuwa wameteremsha magurudumu mapema, jambo linalosaidia kupunguza mwendo, lakini katika pilikapilika za kuiwahi njia ya kutua yakarudishwa juu. Ving'ora vya tahadhari vililia. Ndege iligusa barabara ya kutulia bila magurudumu, ikaburuza injini zake zote mbili huku cheche zikiruka, kisha ikainuliwa tena angani. Mwongoza ndege aliyeona cheche hizo hakuwaambia marubani. Injini, zikiwa zimeharibika, zilizima wakati ndege ikizunguka kurudi, nayo ikaanguka kwenye makazi ya watu ya Model Colony, karibu kabisa na uwanja. Watu 97 waliokuwamo walikufa na wawili walinusurika. Mkazi mmoja wa eneo hilo naye alipoteza maisha baadaye.

Uamuzi wa kuzunguka ulikuja baada ya injini kusaga lami. Ungefanyika dakika tatu au nne kabla ya hapo, abiria wangechelewa robo saa na kwenda kula sikukuu na jamaa zao.

Bili ya miaka minne

Kwa upande wa biashara, ajali hiyo ilifungua mlango wa matatizo mengine. Katika hotuba hiyo hiyo ya Juni 2020, waziri alitangaza kuwa marubani 262 kati ya 860 waliokuwa kazini nchini humo walikuwa na leseni zenye mashaka. Siku chache baadaye, kuanzia Julai 1, 2020, Wakala wa Usalama wa Anga wa Umoja wa Ulaya ulilizuia PIA kuruka kwenda nchi za umoja huo. Uingereza na Marekani nazo zilifunga milango.

Kizuizi kilichoanza kama cha miezi sita kilidumu hadi Novemba 2024. Safari ya kwanza ya kurudi Paris ilifanyika Januari 10, 2025, na Uingereza ililegeza msimamo wake Julai 2025. Makadirio yaliyotolewa Pakistan yalionyesha shirika lilikuwa likikosa mapato ya kiasi cha Rupia bilioni 40 kwa mwaka, nalo lilikuwa na madeni makubwa hata kabla ya hapo. Abiria na mizigo iliyokuwa ikienda moja kwa moja ililazimika kupitia kwenye viwanja vya nchi nyingine, na faida ya usafiri huo ikaenda kwa mashirika ya huko.

Si kwamba Ulaya ilifunga anga kwa sababu ya ndege moja kuanguka. Kilichowatia shaka wanunuzi wa huduma na wadhibiti ni picha iliyojitokeza nyuma ya ajali, kwamba usimamizi ulikuwa umelegea. Ajali ilikuwa moshi tu, na waliokwenda kuangalia wakakuta moto.

Mitambo nayo ina mipaka

Ni kosa kudhani kwamba matatizo haya ni ya nchi maskini. Julai 6, 2013, ndege ya Asiana Airlines ya Korea Kusini aina ya Boeing 777, ikiwa na watu 307, ilipiga ukuta wa bahari mbele ya barabara ya kutulia mjini San Francisco, Marekani. Watu watatu walikufa na wengi walijeruhiwa. Siku hiyo hali ya hewa ilikuwa nzuri na ndege haikuwa na ubovu.

Mtambo wa ardhini unaomwonyesha rubani mteremko sahihi ulikuwa umezimwa kutokana na ujenzi uwanjani, hivyo marubani walitakiwa kushuka kwa kutazama kwa macho. Ndege ilianza ikiwa juu mno. Katika kuirekebisha, rubani alibadili mpangilio wa mfumo wa kujiendesha bila kutambua kuwa mashine haikuwa tena ikilinda mwendo. Mwendo uliotakiwa ni noti 137, karibu kilomita 254 kwa saa, lakini ulishuka hadi kama noti 103. Waliposhtuka na kutaka kupaa, walikuwa wamechelewa.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilihitimisha mwaka 2014 kuwa marubani waliusimamia vibaya mteremko, na ikataja tatizo la kutegemea mno mitambo ambayo hawakuielewa sawasawa. Serikali ya Korea Kusini iliamua kulizuia shirika hilo kuruka kwenda San Francisco kwa siku 45. Shirika lilikwenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliunga mkono adhabu hiyo.

Bukoba na hali ya viwanja vya mikoani

Kwa wasomaji wa Tanzania, tukio lililo karibu zaidi na nyumbani ni la Novemba 6, 2022, pale ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilipoangukia Ziwa Victoria ikijiandaa kutua Bukoba asubuhi. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. Wavuvi waliokuwa karibu ndio waliowahi kuanza uokoaji.

Tukio hilo halifanani na la Karachi, kwani hapa mamlaka zilitaja hali mbaya ya hewa. Hata hivyo linakumbusha mazingira ambayo marubani wa safari za ndani hufanyia kazi. Uwanja wa Bukoba uko ukingoni mwa ziwa, na barabara yake ni fupi. Ziwa Victoria lina tabia yake pia. Mvua za radi hujikusanya juu ya maji usiku, na alfajiri au asubuhi husukumwa kuelekea upande wa magharibi, ambako ndiko Bukoba iliko. Saa ambayo mfanyabiashara anataka awe amefika ili awahi soko, ndiyo saa ambayo wingu linaweza kuwa limekaa mlangoni.

Mazungumzo ya kujenga uwanja mkubwa zaidi eneo la Omukajunguti yamekuwapo kwa miaka mingi. Wakati hayo yakiendelea, rubani anayekwenda kwenye uwanja usio na mtambo wa kuonyesha mteremko anategemea zaidi macho yake, vipimo vilivyomo ndani ya ndege na taarifa za hali ya hewa anazopewa. Hii ina maana kuwa hesabu ile ya futi 1,000 kwa maili tatu anaifanya kwa uangalifu mara mbili ya mwenzake anayetua Nairobi au Dar es Salaam.

Mkulima anaingiaje hapa

Desemba 2024, Tume ya Ulaya iliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Juni 2025 hatua hiyo ilipanuliwa ikagusa mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Sababu iliyotolewa ilihusu udhaifu katika usimamizi wa usalama, ikiwamo suala la wataalamu wa kutosha wenye sifa. Ulaya haikuitaja ajali fulani kuwa ndiyo chanzo, na katika hilo ndipo penye somo. Nchi inaweza kufungiwa mlango kwa sababu ya mfumo, kabla hata ya kuhesabu vifo.

Ikumbukwe kuwa Juni 2023 Air Tanzania ilipokea ndege ya mizigo ya Boeing 767 yenye uwezo wa kubeba tani 54. Matumaini ya wengi yalikuwa kwamba maua, mboga na minofu ya samaki ingepata njia yake yenyewe ya kufika sokoni. Kwa miaka mingi mazao ya kaskazini mwa Tanzania yamekuwa yakipakiwa kwenye malori yenye majokofu, yakavuka mpaka wa Namanga na kupandishwa ndege Nairobi. Soko la Ulaya linapofungwa kwa ndege za nchi, njia hiyo ya kuzunguka ndiyo inayobaki, pamoja na ndege za mashirika ya nje zinazotua Kilimanjaro na Dar es Salaam. Kila kituo kinachoongezeka njiani ni gharama, na mwisho wa mnyororo gharama hiyo hukatwa kwenye bei anayolipwa mkulima shambani.

Yako mambo ambayo mamlaka zinaweza kufanya bila kusubiri fedha nyingi. La kwanza ni taratibu za kutua zinazotumia satelaiti, ambazo hazihitaji mitambo mingi ardhini kama ile ya zamani na zinafaa kwa viwanja vidogo. La pili ni vituo vya kupima upepo na mvua vinavyotoa taarifa za wakati huo huo kwa rubani. La tatu ni wakaguzi wenye ujuzi na uhuru wa kuisimamisha ndege hata kama mwenye ndege ni serikali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Pakistan ilitumia zaidi ya miaka minne kuujenga.

Kwa upande wa mashirika, jambo kubwa ni kutomwadhibu wala kumdhihaki rubani aliyeacha kutua. Rubani anayejua kuwa kesho ataitwa ofisini kueleza kwa nini alichoma mafuta ya ziada atajaribu kutua hata pale moyo unapomkataza. Vile vile rubani mwenza, hata akiwa kijana, anapaswa kuwa na haki ya kusema "tuzunguke" na mkubwa wake akazunguka bila mjadala.

Anachoweza kufanya mwenye mzigo

Wafanyabiashara nao wana nafasi yao. Shinikizo la ratiba halitoki kwa wakubwa wa shirika tu, bali pia kwa abiria wanaomzomea mhudumu na wenye mizigo wanaopiga simu kila baada ya dakika tano. Anayesafirisha bidhaa inayoharibika afanye mahesabu yake akijua kuwa ndege inaweza kuzunguka, au hata kupelekwa uwanja mwingine. Vifaranga, chanjo na samaki vifungashwe kwa kuzingatia saa za ziada, si saa za kwenye tiketi.

Kwa mizigo ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unatoa ulinzi ambao wengi hawaujui. Mzigo ukiharibika, malalamiko yanatakiwa kuwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kuupokea. Ukichelewa, muda ni siku 21 tangu mzigo ulipokabidhiwa. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 kikomo cha fidia ni vipimo 26 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila kilo, sawa na Dola za Marekani 35 hivi. Mwenye mzigo wa thamani zaidi anaweza kutangaza thamani hiyo mapema na kulipa nyongeza inayotakiwa.

Hata hivyo mkataba huo unalipunguzia shirika mzigo wa kulipia ucheleweshaji iwapo litathibitisha lilichukua hatua zote zilizostahili. Rubani aliyezunguka kwa sababu ya wingu la radi ana utetezi mzuri. Kwa hiyo bima ya mzigo inabaki kuwa kinga bora kwa mfanyabiashara, na gharama yake iingizwe kwenye bei tangu mwanzo.

Wako watakaosema dakika 15 za kuzunguka ni nyingi kwa mtu ambaye soko lake linafunguliwa saa 12 asubuhi. Ni kweli zina gharama. Lakini gharama hiyo inaweza kuhesabiwa: lita kadhaa za mafuta, barafu ya ziada na pengine mteja mmoja aliyekasirika. Gharama ya kung'ang'ania kutua haina kikomo kinachojulikana, na wanaoilipa ni pamoja na wakulima ambao hawakuwahi kukata tiketi.